Kisahani cha maabara si mwili wa binadamu

Makala ninayoyatolea maoni hapa yanaeleza kwamba antosiyanini, ile rangi ya zambarau iliyomo katika zabibu nyeusi na kabichi nyekundu, imezuia seli za saratani kugawanyika maabarani, na hilo silipingi. Ninachoomba kisisahaulike ni kwamba seli hizo zilikuwa ndani ya kisahani, zikipata rangi hiyo moja kwa moja, ilhali kwa mlaji ni sehemu ndogo sana inayoingia katika damu bila kubadilika, na nyingine nyingi huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo mpana.

Mfano wa beta-karotini, rangi ya karoti, unanisikitisha zaidi. Kwa kuwa walaji wa mboga zenye rangi hiyo walionekana kupata saratani ya mapafu kwa nadra, nchini Ufini wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waliingizwa katika jaribio, baadhi yao wakipewa miligramu 20 za vidonge vyake kila siku. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Jaribio linalofanana na hilo nchini Marekani lilisitishwa kabla ya wakati, Januari 1996, baada ya madhara ya aina hiyo hiyo kujitokeza.

Namsihi mhariri aongeze aya inayowaambia wagonjwa waziwazi kwamba matunda na mboga ni chakula chema, lakini vidonge vya rangi hizo wasivimeze kabla ya kushauriana na daktari anayewatibu, wala wasiache matibabu kwa ajili ya vidonge hivyo.