Sikufa, Nilikuwa na Mafua

Jamani, acheni kunitumia "pole kwa safari ya ahera". Sikufa, kwa hiyo sikufufuka. Nilikuwa na mafua. Na huyo shoga yangu anayeisambaza stori hata hakuwepo, alikuwa sokoni.

Baba watoto yuko safarini. Mimi homa, viungo vinauma, nimepima malaria hakuna. Watoto wawili, mmoja miaka minne, mwingine mwaka na nusu, wazima wa afya, chaji imejaa. Mnaolea peke yenu mnajua: ukiumwa, hulali kabla hujaifunga nyumba. Nikafunga gesi pale kwenye regyuleta. Nikamwaga ndoo zote za bafuni, maana mtoto wa umri ule anaweza kuzama hata kwenye maji kidogo ya ndoo, kichwa kikitangulia hajui kujitoa. Dawa juu ya kabati, uji kwenye vikombe vya mifuniko. Halafu mbinu yangu kuu: godoro chini, sebuleni, limeziba mlango. Anayetaka kutoroka sharti anikanyage.

Pua inatiririka, mikono haina nafasi, nikasokota pamba nikaziba tundu zote mbili. Baridi ikanishika, nikajifunika shuka. Jeupe. Ndilo pekee lililokuwa safi. (Wewe uliyeanza kucheka, subiri.)

Nilipoharibu ni kwenye vile vidonge vya njano vya mafua, klorofeniramini, miligramu 4. Mtu mzima anameza kimoja, na hicho kimoja tu kinaleta usingizi. Mimi nikatupia viwili, eti nipone upesi.

Mkubwa akaona mgonjwa kalala, akafungua zahanati. Poda ya mdogo, karibu kopo zima, usoni kwangu. Katuni zilipoisha kwenye simu, akaingia kwenye grupu la kikoba, akabonyeza sauti: "Mama kalala. Haamki. Tumempaka poda."

Sasa twendeni polepole. Nafumbua jicho moja, kope nzito kwa poda. Dirishani, katikati ya nondo, uso wa mama mwenye nyumba. Ananitazama. Namtazama. Macho yake yanashuka kwenye pamba, yanakwenda kwenye shuka, yanarudi kwenye pamba. Midomo inacheza: "Innalillahi..." Mimi, kwa malezi niliyopewa, nataka kumwamkia. Pua imezibwa, koo limekauka, shikamoo ikatoka "shhhiiiii". Poda ikanipalia. Nikainuka kitako, shuka limening'inia kichwani, nikapiga chafya ya kutoka unyayoni. Pamba ya kushoto ikachomoka, ikapita kati ya nondo bila kugusa chuma, ikatua kifuani kwake.

Yule mama ana magoti mabovu, mwaka mzima analalamikia ngazi tatu za barazani. Alikimbia! Kandambili moja ilibaki chini ya dirisha, ya pili imeokotwa kwa muuza chipsi.

Yaliyobaki ni mafupi. Watu wakajaa, mmoja kaja na mkeka, mwingine keshampigia baba watoto, mdogo akakojolea godoro. Kikoba walikuwa wameanza kuchanga rambirambi, elfu tano tano. Nimeomba zisirudishwe, zilipe kodi ya mwezi huu, na wamekubali. Ila mwenye nyumba akiona jina langu kwenye simu, hapokei.