Kwa nini mtu hutii amri mbaya: hoja ya Milgram na wanaoipinga

Mwaka 1961 Stanley Milgram, mwanasaikolojia kijana wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alitafuta wanaume wa kushiriki kile alichokiita utafiti wa kumbukumbu. Malipo yalikuwa dola 4, na senti 50 za nauli. Aliyefika alipewa kazi ya "mwalimu". Kila "mwanafunzi" aliyefungwa kitini katika chumba cha pili alipokosa jibu, mtafiti aliyekaa na mwalimu chumbani alimtaka ampige shoti ya umeme, na kuiongeza kwa volti 15 kila kosa jipya, hadi 450. Umeme wenyewe haukuwepo na mwanafunzi alikuwa anaigiza, ila mwalimu hakuambiwa. Kwenye volti 300 mwanafunzi aligonga ukuta, kisha akanyamaza kabisa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1963, wanaume 26 kati ya 40 waliendelea hadi swichi ya mwisho.

Milgram alieleza hivi: mtu akishaingia chini ya mamlaka anayoyaona halali, haoni tena kwamba tendo ni lake. Anajiona wakala. Bado anajali kufanya vizuri, lakini anachojali sasa ni kumridhisha anayemwamuru, na dhambi anamwachia huyo huyo.

Maelezo haya hayapuuziki, kwa sababu Milgram aliyapima kwa kubadilisha mazingira. Mtafiti alipotoka chumbani na kuamuru kwa simu, waliofika mwisho walishuka hadi karibu mmoja kati ya watano, na baadhi yao walidanganya kwamba wanaongeza umeme huku wakibonyeza swichi ya chini kabisa. "Walimu" wengine wawili, ambao nao walikuwa waigizaji, walipogoma, ni 4 tu kati ya 40 waliobaki hadi mwisho. Watafiti wawili walipobishana mbele ya mshiriki, mmoja akisema endelea na mwingine akisema acha, hakuna hata mmoja aliyemaliza. Watu walikuwa wa aina ileile. Kilichobadilika ni sura ya mamlaka.

Pingamizi kubwa zaidi limetoka kwa wanasaikolojia Alex Haslam na Stephen Reicher. Wao wanasema washiriki wale hawakuwa wakala wa mtu, walikuwa wafuasi wa hiari: waliamini sayansi, wakaona maumivu ya mwanafunzi ni gharama ya kazi yenye faida. Ushahidi wao ninaouona mzito zaidi uko katika maneno ya mtafiti. Mshiriki akisita, aliambiwa kwanza "tafadhali endelea", halafu kwamba jaribio linahitaji aendelee, halafu kwamba ni muhimu kabisa, na mwisho: "Huna njia nyingine, lazima uendelee." Kati ya hizo zote, hii ya nne ndiyo amri hasa. Mwanasaikolojia Jerry Burger aliporudia jaribio kwa masharti laini zaidi, matokeo yake yakatoka mwaka 2009, na kila aliyefikishwa kwenye kauli hiyo ya nne aligoma. Basi kama kutii ni kuacha kufikiri, inakuwaje amri kali kuliko zote ndiyo iwaamshe watu?

Hapo Milgram amebanwa, kwa maoni yangu. Lakini wapinzani wake nao wana tatizo: wale wanaume walitokwa jasho, walitetemeka, wengine wakacheka kicheko cha wasiwasi. Muumini wa kazi hahangaiki hivyo.

Kuna kesi ya Arusha inayozipima hoja zote mbili. Jean-Paul Akayesu alikuwa meya wa Taba nchini Rwanda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuta kwamba mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994 alijaribu kuyazuia, hadi tarehe 18, alipohudhuria mkutano wa mameya na viongozi wa serikali ya muda. Kesho yake alikuwa akiwahimiza wananchi waungane kummaliza "adui". Mkutano mmoja tu: Milgram angesema wakubwa wamenena, naye akageuka chombo chao. Haslam na Reicher wangesema amechagua upande, kisha akawavuta wengine. Yeye mwenyewe alijitetea kwamba hakuwa na uwezo wa kuwazuia wauaji. Mahakama haikukubali; mwaka 1998 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Hapa kuna jambo ambalo maabara haikulibeba, nalo ni hofu. Aliyegoma Yale aliondoka na malipo yake yote. Rwanda aliyegoma angeweza kuuawa. Ndiyo maana naogopa kuchukua asilimia za chumba kimoja cha chuo na kuzitandaza juu ya kijiji kizima.

Waliotunga sheria ya mahakama ile hawakuingia katika ubishi huu, lakini kifungu chake cha 6 kinasema kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, ingawa inaweza kumpunguzia adhabu. Nusu ya kwanza ingewafurahisha Haslam na Reicher, nusu ya pili Milgram, nami naona kifungu hicho kiko karibu na ushahidi kuliko nadharia zote mbili.