"Amejirusha Mwenyewe": Mtembeaji Akigongwa Mombasa, Nani Alipe?

Mtu akigongwa kwenye barabara ya Links, Nyali, au pale barabara ya Malindi watu wanaposhukia kwenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kauli ya dereva huwa ni ileile: amejirusha mwenyewe. Waliokuwa kando ya njia nao hushikilia kwamba madereva hawajali roho ya mtu. Sheria ya Kenya haimpi yeyote kati yao ushindi wa moja kwa moja, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Hoja ya dereva haifai kupuuzwa. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde hiyo huisha kabla mguu haujakanyaga breki. Matatu ikisimama kushusha abiria, anayeipita upande wa kulia hamwoni mtu mpaka atokeze kwenye pua yake. Halafu kuna mgeni kutoka Ujerumani au Italia. Kwao, gari la karibu hutoka kushoto. Hapa linatoka kulia. Anatazama kushoto, anaona kweupe, anatia mguu barabarani. Mahakamani pia, kugongwa peke yake hakutoshi: anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha uzembe wa dereva.

Lakini dereva huyo anajua yuko wapi. Kilomita 50 ndio mwisho wa mwendo unaoruhusiwa mjini, na penye hoteli, watoto na wauza madafu, hata huo unaweza kuwa mwingi mno. Mtembeaji naye mara nyingi hakushuka barabarani kwa kupenda: njia ya miguu imezibwa na tuktuk zilizoegeshwa na meza za biashara, na rangi ya kivuko cha pundamilia imefutika. Kumwambia "ungevukia kwenye kivuko" mahali ambapo kivuko hakionekani si haki.

Mahakama hugawa lawama. Hakimu akiona majeraha yanastahili shilingi 800,000 na mtembeaji amechangia asilimia 30, mtembeaji hupata 560,000. Kwa hiyo kuvuka mahali pasipo kivuko hakufuti dai, hulipunguza. Watu wengi huambiwa kinyume cha hivyo wakiwa bado wamelala kitandani, wakaacha haki yao.

Haki hupotea hasa kwenye makaratasi. Sheria ya trafiki inamtaka dereva asimame na atoe jina lake na la mwenye gari. Asipofanya hivyo, apige ripoti polisi ndani ya saa 24. Usimtegemee. Mtu aliye karibu apige picha ya nambari ya gari na stika ya bima kwenye kioo cha mbele, na achukue simu za mashahidi wawili. Ripoti iandikwe kwenye kitabu cha matukio cha polisi, yaani OB, mpewe nambari yake, kisha mwombe abstrakti, karatasi ya polisi yenye muhtasari wa ajali, na fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha. Abstrakti isomwe hapohapo kaunta, herufi kwa herufi: tarakimu moja ya nambari ya gari ikikosewa, unaishia kumshtaki mtu ambaye gari lake halikuwepo.

Hospitalini, kwenye maelezo ya kwanza ya daktari, iandikwe wazi kwamba mgonjwa amegongwa na gari. Aliyempeleka akisema "ameanguka" ili mambo yaende haraka, karatasi hiyo itatolewa na wakili wa bima miaka miwili baadaye, na itauma. Risiti zote ziwekwe, za dawa, eksirei, magongo, hata nauli ya kwenda kliniki. Gharama isiyo na risiti kwa kawaida hailipwi. Mfupa ukifungwa chuma, gharama ya kukitoa iingizwe kwenye dai tangu mwanzo.

Kisha atafutwe mwenye gari katika rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari. Aliyesajiliwa ndiye anayehesabiwa mmiliki mpaka athibitishe vinginevyo, na magari mengi huuzwa bila kubadilishwa jina, hivyo ni busara kuwashtaki yeye na dereva pamoja. Kampuni ya bima ipewe ilani ya maandishi kabla ya kesi kufunguliwa. Ikikosekana, inaweza kukataa kulipa hata baada ya hukumu. Bima ya lazima hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kinachozidi anadaiwa mwenye gari.

Je, kumalizana palepale? Wanaotetea njia hiyo wana sababu: kesi huchukua muda, bili ya hospitali ni ya leo, na tuktuk isiyo na bima inaweza kukuachia hukumu ya kuning'iniza ukutani. Kwa mchubuko, sawa. Ila kusaini kwamba "sidai tena" kwa shilingi 3,000 kabla eksirei haijapigwa ni kuuza mguu bila kujua umevunjika mara ngapi. Makubaliano yasubiri daktari, yataje kiasi na tarehe, na yasizuie ripoti ya polisi.

Mtalii ana shida ya pekee, nayo ni tiketi ya ndege. Awe amegongwa au ameshuhudia mwuza shanga akigongwa, aandikishe maelezo polisi kabla ya kuondoka na aache anwani. Mahakama zetu sasa husikiliza ushahidi kwa video. Akishtaki akiwa kwao, anaweza kuagizwa aweke dhamana ya gharama za kesi. Bima yake ya safari ikimlipia matibabu, dereva bado hajaondokewa na lawama.

Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu ajali. Mtu akifa, mke au mume, wazazi na watoto wana miaka 3 tangu kifo, na dai la kwa niaba ya mali ya marehemu huhitaji kwanza kibali cha mahakama cha kumwakilisha. Gari likiwa la serikali, muda ni miezi 12 tu, na majeruhi wengi huumaliza wakiwa bado kwenye magongo.