Tarumbeta ya Jointi

Gari lilianza kusema lenyewe. Kak-kak-kak-kak, kila nikizunguka raundabauti ya City Stadium. Jointi ya CV, kile kiungo cha shafti kinachozungusha gurudumu la mbele hata likikata kona, hilo halikuwa na ubishi, ila ya upande gani? Kelele nilizisikia kulia, dirishani kwangu, nikawa tayari kufungua kulia. Mzee wa ghorofa ya chini, aliyeendesha matatu miaka mingi, akanizuia. "Raundabauti zetu unazunguka ukikata kulia, mzigo wote unaegemea kushoto. Inayolia ni ya kushoto, kijana." Nikainama, na kweli: raba inayofunika jointi ya kushoto imepasuka, grisi yote imerukia rimu kwa ndani. Shukrani yangu kwa mzee ikawa kutomsikiliza tena siku nzima.

Kirinyaga Road muuza spea hakutaka habari za mwaka wa gari. Alitaka idadi ya meno ya jointi. "Nje ngapi, ndani ngapi, ya ABS ama bila?" Yangu, Toyota, ni 26 nje na 23 ndani, bila ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki ghafla. Nikarudi na pakiti yenye jointi, raba mpya, kilipu mbili, ringi ya waya ya kufungia, nati na mfuko wa grisi nyeusi. Nikavipanga vyote juu ya sinia la pilau la mke wangu, kimoja baada ya kingine, kama daktari wa upasuaji.

Nati ya shafti hulegezwa gurudumu likiwa chini, hendibreki imevutwa, pini yake imechomolewa. Soketi ya 30, mpini mrefu, na juu yake bomba la mita moja. Ikalia kama mbuzi, ikafunguka. Jeki, kisha stendi, maana kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni kuaga jamaa mapema. Nikatoa kalipa, kile kibanio cha breki, na kuitundika kwa waya (usiiache ining'inie kwa paipu ya breki), nikafungua boljointi ya chini inayoshikilia gurudumu, nikairudisha nati mpaka ilingane na ncha ya shafti ili nyuzi zisibondeke, nikagonga kupitia kipande cha mbao. Shafti ikachomoka kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Hapo usiivute, maana ukiivuta inaachana na jointi ya ndani, na ya ndani sikuwa nimeinunua. Nikaifunga kwa kamba.

Jointi kuukuu haina skrubu. Unakata kilipu, unarudisha raba nyuma, unagonga ile nyota ya chuma iliyo ndani ya jointi kwa nguvu, moja kwa moja kuelekea nje. Mapigo manne ikatoka. Nikapangusa shafti kwa mafuta ya taa, nikavisha ringi mpya, nikajaza grisi kwenye jointi mpya hadi kwenye gololi, nikaielekeza kwenye meno na kugonga mara moja. TAK! Ringi imejifungia. Nikasimama nikainua mikono juu, kama mfungaji bao pale Kasarani.

Ndipo nikasikia tarumbeta. Puuu! Pu-puuu!

Kijana wangu wa miaka sita alikuwa amekaa ngazini, mashavu yamejaa, anapuliza raba mpya kupitia ule mdomo mdogo.

Mdomo huo mdogo una upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Jointi ina sentimita nane. Raba hupita kwenye shafti tupu, pamoja na kilipu yake ndogo, KABLA ya jointi. Na ile ringi imeundwa ikubali kuingia na ikatae kutoka.

"Tangu asubuhi nakuuliza raba iko wapi," mzee akasema. "Ukaniambia hiyo ni ya mwisho."

Mkewe akashauri tuichane kwa wembe, tuivishe, tuigande kwa gundi. Ushauri mtamu, ila raba hii hukunjwa na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka. Gundi ingefika Donholm, isifike Umoja.

Nikagonga mapigo kumi na moja. Jointi ikatoka, na ringi ikatoka nayo ikiwa imepinda kama kipini cha nywele. Bodaboda hadi Kirinyaga Road tena, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Mwenye boda alinikataza kumshika. Ringi yenyewe bei yake haifiki ya chai na mandazi. Nauli ndiyo iliniumiza.

Mara ya pili nilitaja kwa sauti, mzee akihesabu kwa vidole: kilipu ndogo, raba, ringi, grisi, jointi, kilipu kubwa. Nati ya mwisho hutaka kukazwa kwa takriban nyutoni-mita (Nm) 216, yaani mtu wa kilo 73 asimame kwenye mpini wa sentimita 30. Mke wangu alikanyaga breki, mimi nikasimama juu ya mpini. Pini mpya ikapita, ikakunjwa.

Jioni City Stadium ilikuwa kimya. Ndani ya gari hakukuwa na kimya, kwani kijana alikuwa analilia tarumbeta yake. Tuliporudi nikaiosha ile raba kuukuu kwa sabuni ya unga mara tatu nikampa. Akapuliza. Fsss. Akaigeuza, akaibinya, akanionyesha kwa kidole.

"Baba, hii imepasuka hapa."

Yeye sekunde tano. Mimi nilikuwa nimeendesha nayo miezi mitatu.