Mbona Probert hayumo?

Makala nzuri, ila kusimulia wababe wa hoki ya barafu, wale wachezaji wa kupigana ngumi uwanjani, halafu uishie kwa Dave Schultz na genge lake la Philadelphia Flyers, hapo mmetuonea. Sawa, dakika 472 za adhabu (muda wa kutolewa nje ya mchezo) msimu wa 1974–75 hakuna aliyezifikia mpaka leo. Lakini Bob Probert wa Detroit je? Msimu wa 1987–88 alikula adhabu ya dakika 398 na bado akafunga mabao 29!

Februari 1992 pale New York, Tie Domi, mfupi lakini kichwa kigumu ajabu, alipigana na Probert akamtoa damu usoni, kisha akaondoka akijishika kiunoni kama bondia anayevaa mkanda wa ubingwa. Desemba wakarudiana. Probert akamshushia makonde mfululizo, na nahodha wake Steve Yzerman, mtu mpole vile, akaonekana benchi akifanya ishara ileile ya mkanda. Nacheka mpaka leo.

Probert alifariki 2010 akiwa na miaka 45. Ubongo wake ulipopimwa ulikutwa na ugonjwa wa kupigwa kichwani mara kwa mara. Hilo nalo mwandishi angeligusia.