Hiyo "kwa hiyo" inatoka wapi?

Makosa ya tahajia naweza kuyavumilia. Kinachonichosha ni maandishi yasiyoshikamana: kila sentensi ikiwa peke yake haina tatizo, ukiziweka pamoja hazijuani.

Juzi nimepokea tangazo kazini. "Mkutano umeahirishwa. Kwa hiyo kila mfanyakazi ajaze fomu ya likizo." Nimelisoma mara 3. Kwa hiyo ipi? Anayeandika "kwa hiyo" anamwambia msomaji kwamba sababu imeshatajwa. Msomaji anarudi nyuma kuitafuta, haipo. Vivyo hivyo watu wanachomeka "hata hivyo" pasipo na lolote linalopingana. Viunganishi vimegeuzwa mapambo!

Halafu kuna hili: "Meneja alimwita karani akamwambia amekosea." Nani kakosea? Upatanisho wa ngeli unatusaidia sana, maana kitabu na meza havichanganyiki (kimeanguka, imeanguka). Lakini watu wawili wote ni "a-", kwa hiyo pengine lazima urudie jina. Mwandishi hataki kurudia, anamwachia msomaji abahatishe.

Na hotuba ndiyo usiseme. Msemaji anatangaza kwamba ana mambo matatu. La kwanza analieleza vizuri, la pili linamkumbusha kisa cha safari yake, kisa kinazaa kisa, mara tunasikia "kwa hayo machache, asanteni". Mimi nimekaa pale na kalamu mkononi, kwenye daftari nimeandika 1, 2, na 3 ambayo mbele yake hakuna kitu.