Dirisha Linalotaka Kuwa Mlango

Tone lenyewe lilikuwa jekundu. Lilijikusanya kwenye pindo la leso mpya, likaning'inia kidogo kama linaloshauriana na nafsi yake, halafu likaanguka. Likaanguka wapi? Juu ya kofia ya mteja.

Mimi hapa Lamu nashona kofia. Si hizi za mashine zinazouzwa kwa mafungu kama mchicha. Za mkono, za vito, kila kitundu unakizungushia uzi mpaka macho yanaona nyota saa sita za mchana. Ile ilikuwa na miezi mitatu. Ilibaki kuoshwa, kutiwa wanga na kumfikia mwenyewe. Sasa ina nukta nyekundu juu ya sikio la kushoto, na mwenyewe ni mtu wa kuswali safu ya mbele.

Sikusema kitu. Mke wangu alipita na karai lake kichwani, nyuma yake njia ya maji kama konokono mkubwa, akatoka barazani, akazunguka nyumba.

Chumba chetu cha kufulia kiko nyuma. Kamba ya kuanikia iko nyuma vilevile, nje, hatua nne kutoka dirisha la chumba hicho. Lakini dirisha ni dirisha, lina nondo. Kwa hiyo nguo zikishafuliwa hupita sebuleni, zikawasalimia wageni, zikapita barazani kwangu, zikakata kona ya uchochoro, zikapishana na punda wa mchanga, ndipo zifike kwenye kamba. Nimezihesabu: hatua themanini na tatu. Kuanika juu darini tulishaacha, ngazi za babu zilijengwa kwa watu wenye magoti ya mbuzi.

Usiku ule, chai haijapoa, mke wangu akasema, "Tulitoe lile dirisha tutie mlango."

Alisema hivyo, kama mtu anayesema tutie iliki.

Nilijificha nyuma ya UNESCO. Nikamwambia, mama, huu mji uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001, kuvunja ukuta si kukata tikiti, lazima upate idhini. Nikaongeza na sauti ya kikao. Akaitikia, "Sawa." Nikalala raha. Siku ya tatu akarudi na habari kwamba ameuliza kwa wanaohusika, na nyumba yetu iko nje ya mpaka wa mji wa kale. Miaka yote najisifu kwa wageni kwamba nakaa ndani ya urithi wa dunia, kumbe nakaa jirani yake.

Akaitwa fundi.

Fundi akaja na futi na penseli sikioni. Akagonga ukuta kwa kidole kama anayechagua dafu. Ukuta wenyewe ni wa matumbawe na chokaa, unene dhiraa nzima. Paka hulala kwenye lile dirisha kwa upana na mkia haudondoki. Akasema, "Mzee, hii kazi ndogo. Linta ipo juu tayari, uzito wote imebeba yeye. Hapa chini ya dirisha hapana mzigo. Upana tusiuguse, tushuke nao tu mpaka sakafuni." Wallahi nilimpenda. Akaendelea kwamba pale patakapovunjwa pazibwe kwa chokaa, saruji isitiwe, kwa sababu matumbawe hunywa unyevu na lazima yaupumue, ukiyafunika saruji unyevu unabaki ndani na lipu inabanduka vipande vipande. Na kizingiti cha chini kiinuliwe inchi nne, ama mvua ya masika itaingia bila hodi. Na nje kuwe na vidato viwili, maana kule chini kuna kina.

Nikamwuliza bei. Akatazama dari. Fundi akitazama dari ujue anahesabu mfuko wako.

Haya, tuseme bei tunaiweza. Mlango ufunguke kuelekea wapi? Ukifunguka ndani unapiga mashine ya kufulia, aliyotuletea shemeji kutoka Jeddah, ikafika hapa juu ya mkokoteni ikisindikizwa na watoto kama bibi harusi. (Inafua, sikatai, lakini kwa maji yetu ya kisima yenye chumvi sabuni haitoi povu, inatoa uji.) Basi mashine ihame. Ikihama, mpira wa maji machafu haufiki. Mpira ukiongezwa, unapita palipo kabati la vyombo. Kabati liende jikoni. Jikoni pale pa kabati pana gunia la mkaa, gunia liende barazani, na barazani ninakaa mimi. Kwa hesabu hiyo nitahamia msikitini.

Ukifunguka nje je? Ukifunguka nje, upepo wa kusi ukija unaubamiza ukutani, bawaba zinang'oka, na bawaba za chuma hapa hazihitaji kusi, chumvi ya hewa inazila zenyewe kimya kimya. Fundi akasema tutie za shaba. Akatazama dari tena.

Halafu mbao. Nikasema tutie mlango wa bati tumalize. Mke wangu akaniuliza kama naona haya kidogo, mjini kwetu ambako watu wanatoka ng'ambo kupiga picha milango, mimi nitie bati. Bambakofi basi? Bambakofi siku hizi ukiulizia bei unapewa kiti kwanza ukae.

Na hewa mnaifikiriaje? Lile dirisha ndilo linalokausha kile chumba. Ukitia mlango mzima ukaufunga, wiki mbili tu ukungu umepanda ukutani, na kanzu zinanuka kama ngama ya jahazi. Fundi akawa na jawabu: mlango wa vipande viwili, cha chini kimefungwa, cha juu kiko wazi, hewa inaingia. Hilo lilinivutia sana mpaka nilipokumbuka kwamba nyuma ndiko wanakopumzika punda wa mtaa mzima baada ya kazi. Kipande cha juu kikiwa wazi, punda atatia kichwa ndani na kutulia pale kama karani wa benki, ukimpita na sabuni akuulize unataka kuweka au kutoa.

Nikaenda kutafuta mshirika. Jirani yetu wa nyuma ni bibi wa makamo ya mama yangu, na mimi nilijua atapinga. Hakuniangusha. "Mwanangu, wazee hawakujenga mlango ukatazamana na mlango. Mimi hapa nyuma hukuna nazi yangu kichwa wazi, leo mwanamume anitokezee na karai?"

Nikamwambia, "Bi mkubwa, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Mimi karai silishiki. Mimi sifui."

Neno hilo lilifika nyumbani kabla yangu. Nilikuta chakula kimefunikwa, na juu ya kawa kanzu yangu chafu, imekunjwa vizuri.

Jumatatu yake nikatoa malipo ya mwanzo. Fundi akaja asubuhi na mapema, akachora mistari ya mkaa ukutani, mizuri, imenyooka. Akang'oa nondo za dirisha. Mawe ya Maweni ya kujengea vidato yakashushwa mgongoni kwa punda. Adhuhuri akanawa mikono, akasema anakwenda mara moja kwenye harusi ya mpwa wake, keshokutwa yuko hapa.

Harusi iko wapi? Kisiwani Pate, Kizingitini.

Fundi wa kizingiti kaenda Kizingitini. Hii ni wiki ya saba. Nikipiga simu anaitikia vizuri sana, anauliza hali za watoto, anasema bahari chafu. Boti za Pate naziona zikiingia na kutoka kila siku.

Mke wangu hakungoja. Alipanga mawe matatu nje na mawili ndani, akatandika gunia juu ya ukuta wa dirisha, na sasa anapanda, anashuka, karai kichwani, hatua nne, hata tone haliangushi. Watoto hawapiti tena mlango wa mbele. Juzi nimemkuta yule bibi jirani, aliyepinga, amekaa upenuni kwetu dirishani, mguu mmoja ndani na mmoja nje, anaomba chumvi.

Mimi niliapa sitapita. Mwanamume hatoki nyumbani kwake kwa dirishani.

Lakini jana baada ya alasiri, niko barazani na kile kinukta, nimekisugua kwa ndimu, nimekisugua kwa chumvi, kimekuwa cha waridi na kimetanuka. Nikasikia kikohozi uchochoroni. Kikohozi cha safu ya mbele. Nikaichukua kofia, nikapita sebuleni, nikaingia chumba cha kufulia, nikapanda mawe mawili, nikatia mguu nje.

Fundi alizing'oa nondo zote isipokuwa kishina kimoja, chini, upande wa kulia. Kikaishika kanzu yangu kwa nyuma. Mbele sendi, nyuma sirudi, vidole vinalitafuta jiwe havilifikii, kofia imenitoka mkononi imeangukia ndani. Punda mmoja akaacha kutafuna akanitazama. Barazani nasikia, "Hodi! Hodi mwenye nyumba!"

Mke wangu alikuwa anakunja nguo pembeni ya mashine. Akaiokota kofia, akaipangusa, akaigeuza kwenye mwanga akaiona ile nukta.

"Nikupitishie," akaniuliza, "au nimpelekee mwenyewe mlangoni?"